Meli inaondoka Galveston tarehe 20 Desemba, mama amepata kiharusi Tanga. Nighairi sasa au nisubiri?

Binti wa Ngamiani, Houston (16 Novemba)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mwenye uzoefu wa bima za safari hapa Marekani anisaidie, na anisaidie leo kama inawezekana.

Mwezi Machi tuliweka kianzio cha safari ya meli ya utalii, usiku saba, kutoka Galveston kwenda Roatán, Costa Maya na Cozumel. Tuko wanne kwenye chumba kimoja: mimi, mume wangu na watoto wawili. Nauli yetu wakubwa ni dola 1,480 kila mmoja, watoto dola 580 kila mmoja, jumla 4,120. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, dola 740. Tulimaliza kulipa Septemba.

Usiku wa tarehe 13 mama yangu alianguka akitoka chooni, nyumbani kwake Tanga. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, maneno hayatoki sawasawa, amelazwa hospitali. Jana daktari alizungumza na mimi kwa simu, akaniambia wazi kwamba hata akiruhusiwa atahitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumfanyisha mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Kaka ana duka na anajitahidi, lakini kumwogesha mama na kumbadilisha nguo si kazi ya mtoto wa kiume, na mama mwenyewe hatakubali. Ni mimi wa kwenda.

Sasa mkataba wa meli uko hivi: ukighairi zikiwa zimebaki siku 89 hadi 75 wanakata asilimia 25 ya nauli, siku 74 hadi 61 asilimia 50, siku 60 hadi 31 asilimia 75, na siku 30 kushuka chini hurudishiwi nauli hata senti. Leo zimebaki siku 34.

Kaka anasema msiharakishe kupoteza hela, subirini wiki mbili, mama leo amekunywa uji nusu kikombe. Mama mkubwa naye anasema watoto wameahidiwa meli tangu Machi, waende na baba yao.

Bima ninayo. Nilinunua mwenyewe kampuni ya nje, si ile inayouzwa na kampuni ya meli, tarehe 10 Julai. Kinachonikosesha usingizi ni hiki: mama ana presha ya muda mrefu, na Agosti kliniki walimwongezea dozi. Hati ya bima imeandika kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla haulipwi, na imetaja siku 180. Tangu Agosti hadi leo hata siku 180 hazijafika. Je, ndiyo tumeshakosa? Na je, nighairi au nisubiri kama kaka anavyosema?

Kijana wa Arlington

Pole sana dada. Ninavyojua, kwa sheria ya Marekani wanatakiwa kukurudishia hela zote. Kuna rafiki yangu alirudishiwa nauli nzima bila maswali. Usiwaache wakuibie.

Mzee wa Madai, Columbus

Pole sana binti yangu, Mungu ampe mama nafuu. Nimefanya kazi ya kupitia madai ya bima za safari hapa Ohio mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nakujibu kwa jinsi nilivyokuwa nikiyaona mezani.

Ghairi kesho asubuhi. Kaka yako anasema kwa upendo, lakini hesabu haiko upande wake.

Ukighairi kabla tarehe 19 Novemba haijaisha, kampuni inabaki na dola 3,090, inakurudishia 1,030 za nauli pamoja na zile 740 za kodi na bandari. Hizo 740 zidai kwa jina, maana abiria asiyepanda hakutozwa kodi ya bandari yoyote, na kampuni nyingi huzirudisha hata pale nauli yote inapopotea. Ukiingia tarehe 20, zimebaki siku 30, wanabaki na 4,120 nzima.

Utasema, si bima italipa? Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Bima nyingi hulipa tozo iliyokuwepo siku ile ulipojua kwamba huwezi kusafiri. Fungua hati yako utafute mahali palipotajwa saa 72. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba usipoitaarifu kampuni ya meli ndani ya saa hizo tangu sababu ilipotokea, nyongeza yoyote ya tozo baada ya hapo ni juu yako. Daktari amezungumza nawe tarehe 15. Ofisa wa madai ataiweka tarehe hiyo pembeni ya tarehe uliyoghairi, na zile dola 1,030 zilizoongezeka katikati atazitoa kwenye dai lako. Nimeona familia nyingi zikikatwa namna hiyo, na karibu zote zilikuwa zinasubiri habari njema kutoka hospitali. Iliniuma kila mara kuandika barua zile.

Kuhusu Agosti, tulia kwanza. Zile siku 180 zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku bima ilipoanza kufanya kazi. Hazihesabiwi kuanzia siku mama alipoanguka. Umenunua tarehe 10 Julai, basi dirisha lako linaanzia karibu tarehe 11 Januari na linafungwa tarehe 10 Julai. Dozi ya Agosti imeongezwa dirisha likiwa limeshafungwa. Swali la ofisa litakuwa: kati ya Januari na Julai, je, mama alipata dalili mpya, alibadilishiwa dawa, alipimwa kipimo kipya, alilazwa? Mgonjwa anayemeza dawa ileile kwa dozi ileile, presha imetulia, kwa bima nyingi hahesabiki kuwa na ugonjwa uliokuwepo kabla kwa maana yao. Kwa hiyo mwambie kaka apige picha daftari la kliniki, kurasa zote tangu Desemba ya mwaka jana, uzisome mwenyewe.

Jambo jingine: watu hudhani kipengele hicho kinawahusu wanaosafiri tu. Hapana. Kwenye hati nyingi kinamgusa pia mzazi aliyeko nyumbani ambaye hata pasipoti hana, ikiwa yeye ndiye sababu ya kughairi. Kwa sisi wenye wazazi Tanga, Bukavu au Kisumu, huo ndio ukurasa wa kusoma kabla ya kulipa. Ukinunua bima mapema, kwa kawaida ndani ya siku 14 hadi 21 tangu kianzio cha kwanza, ukakatia gharama yote ya safari na ukiwa na afya ya kusafiri siku hiyo, kampuni nyingi hukiondoa kipengele hicho kabisa. Wanaopanga safari za mwaka ujao wazingatie hilo.

Kijana wa Arlington, nakuheshimu lakini umechanganya mambo mawili. Tiketi ya ndege ndiyo yenye kanuni ya kughairi bure ndani ya saa 24 tangu uikate, nayo ni kwa tiketi iliyokatwa siku 7 au zaidi kabla ya safari. Kwa meli zinazopakia abiria bandari za Marekani, Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini ilitoa kanuni mwaka 2022: kampuni ikiifuta safari, au ikichelewesha abiria kupanda kwa siku 3 au zaidi, abiria ana haki ya kudai fedha zake. Hapo ni kampuni iliyoshindwa. Abiria akishindwa mwenyewe, kinachotawala ni mkataba wake.

Muuguzi, Tanga

Dada pole, mama yetu atapona kwa uwezo wa Mungu. Nakuambia upande wa huku.

Kampuni ya bima itakutumia fomu ya daktari. Ichapishe kaka aipeleke wodini asubuhi na mapema, kabla ya raundi, amkabidhi daktari anayemtibu mama na si yeyote aliyepo zamu ya usiku. Madaktari walioko mafunzoni wanahamishwa wodi kila baada ya muda, na ukichelewa wiki tatu utamkuta aliyeandika faili yuko wodi ya watoto, au kashaondoka kabisa. Aandike jina lake kamili kwa herufi zinazosomeka, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, asaini, agonge muhuri wa hospitali. Faili zetu huandikwa Kiingereza kwa hiyo hutahitaji mkalimani, ila mwandiko ni shida. Mwombe kwa upole aandike taratibu.

Na majina! Hili limewatesa wengi. Kadi ya hospitali imeandikwa jina gani? Wamama wengi wa pwani cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinamtaja kwa jina la baba yake, kadi ya kliniki ina jina la mume, wodini wameandika jina la nyumbani. Kampuni ya bima itaona watu watatu. Kaka akaape kwa wakili au mahakamani, hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya siku moja ukianza mapema.

Mama wa Kongowea, Leicester

Woiye, pole mwanangu. Huku Uingereza tuna kanuni za safari za pamoja za mwaka 2018, na safari ya meli kama hiyo huingia humo. Ukitoa notisi angalau siku 7 kabla ya kuondoka, waweza kumpa mtu mwengine nafasi yako, ukalipa gharama ya kubadilisha tu. Sijui huko kwenu yawezekana? Wifi yako au shangazi wa watoto angeenda na hao watoto.

Mzee wa Madai, Columbus

Mama wa Kongowea, shukrani. Huku hakuna sheria ya namna hiyo, ila kampuni nyingi za meli huruhusu kubadilisha jina la abiria mradi mmoja wa waliokata mwanzo anabaki kwenye chumba, na kabla ya tarehe fulani. Binti aulize, kwa maandishi. Tahadhari moja: akishampa mtu nafasi yake na huyo mtu akasafiri, hakuna hasara ya kudai.

Na kuhusu watoto kwenda na baba yao, inawezekana mtu mmoja kughairi peke yake. Kwako itakuwa asilimia 75 ya 1,480, dola 1,110. Lakini watoto wanalipa 580 kwa sababu ni abiria wa tatu na wa nne chumbani. Ukitoka wewe, kampuni inaweza kumpandisha mtoto mmoja kuwa abiria wa pili kwa nauli ya mkubwa. Bima nyingi hulipa nyongeza inayompata anayebaki kwa sababu mwenzake ameghairi kwa sababu iliyokubaliwa. Msome hilo kabla ya kuamua. Mkighairi wote wanne pia ni sawa: kwako ni mama, kwa mumeo ni mkwe, kwa watoto ni bibi, na kwa kawaida wote hao wamo kwenye orodha ya ndugu.

Binti wa Ngamiani, Houston (18 Novemba)

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeghairi. Jana saa mbili asubuhi, wote wanne. Mume wangu alisema hawezi kukaa kwenye bwawa la meli anawapigia picha watoto wakati mimi namgeuza mama yake mkwe kitandani, na kwa kweli nilishukuru kusikia hivyo.

Yule dada wa simu kampuni ya meli alikuwa mpole. Alinipa njia nyingine: wanabaki na hela lakini wananipa vocha ya kusafiri mwakani. Nilimwambia nitamjibu. Saa 72 nimeziona, ukurasa wa 14, kama mzee ulivyosema.

Kaka ametuma picha za daftari. Hizi hapa nilizozisoma, ndani ya dirisha:

22 Januari, presha 138/84, amlodipine 5 mg, endelea. Machi hivyohivyo. Mei imeandikwa: analalamika kizunguzungu akiamka, 142/88, anywe maji ya kutosha, dawa zilezile, arudi baada ya miezi miwili. Mwanzoni mwa Julai, 136/82, kizunguzungu hakuna, endelea. Halafu Agosti ndiyo wakapandisha kuwa 10 mg.

Hicho kizunguzungu cha Mei kimenitia homa. Kaka anasema pale kliniki kuna mtu anaweza kutoa daftari jipya, liandikwe upya bila huo mstari. Anasema ni maneno matano tu na hayana maana yoyote. Nimemwambia asubiri kwanza.

Muuguzi, Tanga

Dada, naomba kwa jina la Mungu hilo daftari jipya lisiandikwe. Huyo mtu wa kliniki atapoteza kazi, na mama yako atabaki na historia ya uongo. Daktari anayemtibu sasa hivi anatumia daftari hilohilo kumpangia dawa.

Mzee wa Madai, Columbus

Marahaba binti yangu. Umefanya vyema kughairi, na umefanya vyema zaidi kumzuia kaka.

Nisikilize kuhusu daftari. Kampuni ikigundua karatasi moja ya kughushi haitakata kipande, italifuta dai lote, na ina haki ya kulipeleka mbele zaidi. Na huwa wanagundua. Wino wa aina moja kwa ziara za miezi minane, mwandiko mmoja, kalamu haijabadilika hata mara moja. Nimeshika karatasi za namna hiyo mikononi. Dai lenye mstari wa kizunguzungu lina nafasi nzuri kuliko dai lenye daftari jipya.

Tena mstari wenyewe usiukimbie. Tazama kilichofuata: hakuna dawa iliyobadilishwa, hakuna kipimo alichoagizwa, hakupelekwa kwa bingwa, na Julai imeandikwa kizunguzungu hakuna. Kwenye fomu kuna mahali daktari anaulizwa kama mgonjwa alitibiwa tatizo hili au linalohusiana nalo ndani ya dirisha. Asiache wazi na asiandike hapana tupu. Aeleze kwa sentensi mbili: mwezi Mei alilalamika kizunguzungu cha kuamka, hakikuhitaji tiba wala uchunguzi, kilikwisha, presha ilikuwa imetulia kwa dozi ileile hadi Agosti. Ikiwa ndivyo daktari anavyoona, basi aandike hivyo kwa mkono wake. Ofisa akikuta jambo limeshajibiwa hana sababu ya kuandika barua ya maswali, na barua za maswali ndizo zinazokula miezi.

Vocha usiikubali kabla ya bima kujibu. Ukiichukua, wataihesabu kama umesharudishiwa thamani hiyo na wataitoa kwenye dai. Mwandikie yule dada barua pepe fupi: hutaki vocha, unataka hati ya kughairi inayoonyesha mambo matatu, jumla mliyolipa, kiasi kilichorudishwa na kiasi kilichobakizwa. Bila karatasi hiyo dai halisogei.

Kwenye maelezo yako usiandike kurasa. Mama alianguka tarehe 13, amelazwa, daktari kasema tarehe 15 kwamba atahitaji uangalizi wako, ukaghairi tarehe 17. Kampuni nyingine za bima hudai mgonjwa awe amelazwa au hali ihatarishe maisha, nyingine zinakubali pia pale msafiri anapotakiwa kumhudumia. Wewe una vyote viwili vya kuonyesha, kulazwa na kuhudumia, basi daktari ataje vyote. Ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama, na ile hati ya kiapo ya majina aliyoitaja muuguzi wetu.

Nauli yako ya ndege kwenda Dar usiichanganye humo. Bima hii inalipa safari uliyoikosa, ile ya kwenda kumuuguza mama haimo.

Dada wa Kigoma, Des Moines

Naomba kuuliza kidogo hapohapo. Kuna bima nilisikia unaghairi kwa sababu yoyote ile, hata umebadili mawazo. Sisi tunataka kwenda na baba Juni, anasubiri viza. Akinyimwa je?

Mzee wa Madai, Columbus

Ipo. Inarudisha kati ya asilimia 50 na 75, inaongeza bei ya bima sana, lazima inunuliwe siku za mwanzo baada ya kianzio, na lazima ughairi angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Bima ya kawaida kunyimwa viza hailipi. Kwa baba anayesubiri ubalozi, hiyo ya sababu yoyote ndiyo ya kutazama, au msiweke kianzio kisichorudi mpaka viza iwe mkononi.

Binti wa Ngamiani, Houston (21 Novemba)

Hati ya kughairi imekuja, imeandikwa 1,770 zimerudishwa, 3,090 zimebakizwa. Vocha nimeikataa kwa maandishi. Daktari wa mama alijaza fomu jana, akaeleza kizunguzungu cha Mei bila mimi kumwambia neno, kwa sababu alikisoma mwenyewe kwenye daftari. Kaka amekwenda mahakamani kwa kiapo cha majina. Dai nimelituma usiku, nimepewa namba. Naondoka keshokutwa. Je, kuna haja ya kubeba karatasi halisi au niziache Houston?

Mzee wa Madai, Columbus

Ziache Houston kwa mumeo, wewe beba nakala kwenye simu. Karatasi halisi zilizoko Tanga, fomu ya daktari na kiapo, kaka asizitume kwa basi wala kwa mtu, uzichukue mwenyewe ukifika. Mumeo apewe ruhusa ya kuzungumza na kampuni ya bima kwa niaba yako, kuna fomu ya ukurasa mmoja, vinginevyo watakataa kumjibu ukiwa huko. Wakikuletea barua ya kukataa, una haki ya kukata rufaa kwao kwanza, na wakishikilia msimamo unapeleka malalamiko Idara ya Bima ya Texas, haitozi kitu. Barua hiyo ikija, futa majina na namba uibandike hapa, tutaisoma pamoja. Safari njema binti, mpe mama salamu zetu.